Nani Alimuitikia

Mwezi uliopita walituita walimu wa shule za msingi za hapa Kalemie kwenye semina ya siku tatu kuhusu elimu jumuishi. Kwa maneno mepesi, ni shule kuwapokea watoto wote pamoja, anayetembea na asiyetembea, anayesikia na asiyesikia, bila kumwambia yeyote aende kutafuta shule ya wenzake. Mwezeshaji alikuwa binti mdogo, umri wa wanafunzi wangu wa zamani, na alikuja na mabango mengi ya rangi. Alituambia kwamba mtoto mwenye ulemavu hapokelewi shuleni kwa huruma bali kwa haki, na kwamba sheria ya nchi yetu inasema hivyo tangu zamani. Kisha akauliza ni nani kati yetu amewahi kumkataa mtoto kama huyo.

Hakuna mkono ulioinuka. Ukumbi mzima wa walimu, wote malaika. Zamu yangu ya kusema ilipofika nilisimama, nikanyoosha kitenge changu, nikasema: "Mimi sijakataa mutoto hata mumoja." Wakanipigia makofi. Na sikudanganya, maana yule aliyenijia akilini sikumkataa. Nilimpokea, nikamfundisha karibu mwaka mzima, kisha nikamfuta.

Nieleze kwanza habari ya kitabu. Kila mwalimu ana ugonjwa wake, na wangu ulikuwa kitabu cha apeli, lile daftari kubwa la miraba ambamo tunaandika kila asubuhi nani yupo na nani hayupo. Mwalimu anaita jina, mtoto anasimama na kujibu "Prezan!", mwalimu anaandika P kwa biki ya bluu. Kimya kikipita, anaandika A ya absansi kwa biki nyekundu. Wenzangu waliandika wakati wanakunywa chai, wengine wakijaza wiki nzima siku ya Ijumaa. Mimi sikuwahi. Kitabu changu hakikuwa na doa, hakikuwa na mfuto, na direktere, mkuu wa shule yetu, alikuwa akiwaonyesha walimu wapya kama kielelezo. Nilijivunia kitabu kile kuliko nilivyojivunia watoto wenyewe, na ninalisema hili bila kujipamba.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda likaingia kwenye shule moja ya ufukweni, na watoto wake wakagawanywa kwenye shule zetu za juu. Darasa langu la sita likajaa hadi wengine wakakaa juu ya matofali. Katikati ya umati ule aliletwa msichana mmoja aliyetoka kaskazini mwa ziwa, ambako baba yake alikuwa mvuvi kabla ya kuhamia kwetu. Alikuwa mrefu, msafi, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikaa benchi la tatu karibu na dirisha.

Asubuhi ya kwanza niliita jina lake, hakujibu. Niliita tena. Alikuwa ameketi pale pale, akinitazama mdomoni, na uso wake una tabasamu dogo la adabu. Nikaandika A. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimwendea nikamuuliza: "Weye, juu ya nini hauitike? Uko malkia?" Darasa likacheka, naye alipoona wenzake wanacheka akacheka pia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimtoa nje akasimame ukutani, na kila siku niliendelea kumwandikia A, kwa sababu kwenye kitabu changu asiyeitika hayupo. Zilifika A kumi na moja mfululizo.

Siku ya kumi na mbili alikuja mama yake. Aliuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na alikuja na beseni lake moja kwa moja kutoka sokoni, harufu ikaingia darasani kabla yake. Alilitua beseni mlangoni, akapiga goti kidogo kunisalimia.

"Madamu, mutoto yangu hasikie," akasema. "Homa ya utoto njo iliziba masikio. Lakini anasoma. Umuangalie kwa uso wakati unasema, atashika yote."

Aibu ilinipanda, na aibu yangu huwa inatoka ikiwa imevaa nguo za ukali. Nikamwambia: "Mama, sasa juu ya nini haukusema siku ya kumuandikisha?"

Akainama kulichukua beseni lake. "Ningesema, Madamu, mungemupokea?"

Nilimwambia aende kwa amani, nitamwangalia mtoto. Lakini zile A kumi na moja sikuzigusa. Niliona ni heri mtoto abaki na deni la siku alizokuwepo kuliko kitabu changu kiwe na mfuto.

Dawa ya apeli hakuileta mwalimu. Ililetwa na mwenzake wa benchi, msichana mfupi mwenye mdomo usiochoka, ambaye nilikuwa nimemhamisha mara tatu kwa sababu ya kelele. Asubuhi moja nilipoita jina la yule asiyesikia, huyu mfupi alimshika mkono, akauinua juu kabisa, akapiga kelele kwa niaba yake: "Prezan!" Darasa likaangua kicheko. Mimi nilisita, biki mkononi. Kisha nikaandika P. Siku ya pili walicheka wachache, siku ya tatu hakuna aliyecheka, na baada ya wiki ikawa jambo la kawaida kama kufuta ubao. Niliita jina, mkono mmoja ukainuliwa na mwingine, sauti ya mmoja ikajibu kwa wawili.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na ndiyo inayoniuma zaidi. Niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nafundisha nimewapa watoto mgongo, naongea na ubao. Kwa ajili yake nilijifunza kugeuka, kusema polepole, kuandika kwanza na kueleza baadaye. Hata wale wa nyuma juu ya matofali wakaanza kushika hesabu. Yeye mwenyewe alikuwa na mwandiko ambao sijauona tena, herufi zimesimama wima kama zimechapwa mtamboni. Tatizo lake lilikuwa imla, maana kwenye midomo "papa" na "mama" ni kitu kimoja. Jaribu mbele ya kioo utaona. Siku moja nilisoma kwa Kifaransa kwamba papa, yaani baba, analima shamba, yeye akaandika mama analima shamba. Nilipomwekea alama nyekundu alinivuta mkono mpaka dirishani, akanionyesha mteremko ulio nyuma ya shule. Kulikuwa na wanawake watano na majembe, hakuna mwanamume hata mmoja. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikampa alama yake.

Kisha akaja inspekteri. Siku zile kulikuwa na maneno mengi juu ya watoto fiktif, yaani majina yaliyomo kitabuni bila watoto darasani. Kwa kuwa shule yetu iliongezeka ghafla wakati ziwa lilipopanda, ilikuwa lazima tutembelewe. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na vumbi mpaka magotini, hakunywa hata maji, akaingia darasani kwangu, akachukua kitabu akaanza kuita mwenyewe. Aliita akiwa ameinamia karatasi, bila kutazama watoto. Prezan, prezan, prezan. Alipofika kwenye jina lake, yule mfupi akafanya kazi yake ya kila siku. Akainua mkono wa mwenzake na kujibu. Jina la mfupi lenyewe lilikuwa la tatu baada ya hapo, akajibu tena kwa sauti ile ile.

Inspekteri akainua kichwa. "Ngoja. Nani alimuitikia ule wa kwanza?"

Mfupi akasimama. Inspekteri akarudi kwenye jina, akaliita tena, akinyoosha kidole kwa yule mrefu wa dirishani. Mrefu akasimama kwa adabu. Inspekteri akamwambia: "Sema jina yako." Alisema huku anageuza karatasi, na mdomo haukuonekana. Mtoto akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri nimrudishie maneno kwa mdomo wangu, kama nilivyomzoesha.

"Madamu," inspekteri akasema, "huyu njo nani? Na ni nani alitoa ruhusa muntu aitikie mwenzake?"

Nilihitaji maneno manne tu. Mutoto huyu hasikie, Papa. Yalikuwa tayari ulimini. Lakini namba yangu ya matrikile, ile inayokufanya kuwa mwalimu wa serikali, ilikuwa haijatimiza mwaka, baada ya kuisubiri muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nikaona nikisema hasikii ataniuliza amefikaje hapa, nikisema nilitoa ruhusa atasema kitabu changu chote ni cha uongo. Kitabu changu! Nikasema: "Sijue, Papa inspekteri. Watoto njo wanacheza." Na ili niaminike, nilimshika yule mfupi sikio, nikampigisha magoti mbele ya darasa.

Inspekteri alipiga mstari chini ya jina kwa kalamu yake. "Asiyeitika hayuko. Urekebishe kitabu, kisha nitatia sahihi." Akaenda ofisini kwa direktere.

Watoto walitoka kwenda mapumzikoni. Nilikaa mezani, nikatoa biki nyekundu. Mimi niliyekataa kufuta A kumi na moja, eti kitabu kisichafuke, nilikaa pale nikageuza P zake zote kuwa A, moja baada ya nyingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka mstari wake ukawa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimefika karibu na mwisho nilipohisi mtu pembeni. Hakuwa ametoka nje. Hakusikia kengele, na siku hiyo hakukuwa na wa kumgusa bega, kwa sababu aliyekuwa akimgusa alikuwa bado amepiga magoti karibu na ubao. Alikuja na daftari lake la hesabu nisahihishe. Alitazama kitabu, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina, kisha akajigusa kifuani na kunitazama, kama anayeuliza. Nilikifunga kitabu. Nikasahihisha hesabu zake, zote zilikuwa sahihi, nikamrudishia daftari.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumfuata inspekteri baadaye nikamweleza. Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine. Nilijiambia wakubwa ndio wanaojua, na kwamba pengine kuna shule ya watoto kama yeye huko Lubumbashi, na pengine huko angekuwa na raha zaidi. Hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba sheria ilikuwa upande wake. Lakini nisijitetee kwa hilo. Sikuhitaji sheria kujua kwamba mtoto aliyeketi mbele yangu yupo.

Aliendelea kuja. Kila asubuhi niliita majina, nikifika kwake naruka. Mfupi hakuinua tena mkono wa mtu. Alikuwa amejifunza somo langu vizuri, na akawa mtoto mkimya, jambo nililokuwa nimelitafuta tangu Septemba.

Orodha ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hutolewa kwenye kitabu cha apeli. Mwenye A nyingi huhesabiwa kuwa ameacha shule. Orodha ilipobandikwa, mama yake alikuja tena, safari hii bila beseni. Alikuwa amemwomba mtu amsomee majina mara mbili.

"Madamu, jina ya mutoto haiko."

"Iko na absansi mingi, Mama," nikasema. Nilitazama pembeni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba yeye anasikia, hahitaji kuniona uso.

Alicheka. Sikutegemea kicheko. "Mimi namuleta mpaka hapa kwa mulango kila siku, Madamu. Sasa alikuwa anaenda wapi?" Kicheko kikaisha. "Na weye ulikuwa unamuona."

Nilimwambia habari ya shule ya Lubumbashi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaondoka. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi mtu anafikiri mara nyingi hata akiwa na nauli na ndugu wa kumpokea, na sote wawili tulijua hilo.

Siku ya mtihani niliwasindikiza watoto wangu kituoni. Yeye alikuwepo langoni, amevaa sare ya bulu na nyeupe, rula na biki mbili mkononi. Sijui kama mama alishindwa kumweleza au alielewa na akaja hivyo hivyo. Msimamizi aliita majina, mtoto mmoja mmoja akijibu na kuingia. Alipoitwa yule mfupi, alipiga hatua mbili, akasimama, akarudi. Akamshika mwenzake mkono, akauinua juu kabisa kama zamani, akapiga kelele: "Prezan!"

"Bado sijaita mwingine," msimamizi akasema. Watoto wa shule nyingine wakacheka. Mfupi aliushikilia ule mkono juu kwa muda, akinitazama mimi, siyo msimamizi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kisha akauachia, akaingia peke yake. Mtihani wenyewe, niseme tu, ni wa kuchagua majibu kwenye karatasi. Haudai sikio hata moja.

Baada ya hapo hakurudi shuleni. Mji wetu si mkubwa kiasi cha kumpoteza mtu, hivyo nilijua alipo. Mama yake alimpeleka stesheni, kwa wanaosafirisha ndakala kwa treni, na kwa sababu ya ule mwandiko wakampa kazi ya kuandika majina ya wapokeaji juu ya magunia. Miaka mingi nimekuwa nikimtumia dada yangu wa Kongolo gunia la ndakala kila msimu, na miaka yote nilikuwa napanga mstari wa mwandishi mwingine, mzee ambaye herufi zake hata yeye hazisomi. Magunia mawili yalipotea kwa ajili hiyo. Dada yangu alilalamika, nami nikalaumu reli.

Baada ya semina nilikaa siku kadhaa nasikia makofi yale. Nikafunga gunia, nikaenda stesheni, nikapanga mstari wake.

Amekuwa mwanamke. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, markere nyeusi, ile kalamu ya wino mzito, mkononi, kitenge kimefungwa vizuri. Nilipofika mbele yake alinijua mara moja. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alinitazama mdomoni, kama siku ya kwanza.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani. Yalipotoka yalitoka kwa haraka, nimeinamisha kichwa, mkono uko mdomoni. Akatikisa kichwa kwamba hashiki. Mtu nyuma yangu akasema: "Mama, songa basi." Nikarudia, vibaya zaidi. Ndipo alipochukua kipande cha katoni kilichokuwa miguuni pake, akaniwekea magotini mwake kama meza, na kunipa ile markere.

Nimesahihisha imla maisha yangu yote, na herufi zangu zilitoka zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika: "Ulikuwa prezan. Kila siku."

Alisoma. Akaichukua markere mkononi mwangu, na chini ya mwandiko wangu mbaya akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima: "Najua, Madamu."

Kisha akaweka katoni chini, akalivuta gunia langu, akagonga kwa kidole mahali pa jina, kuniuliza aandike la nani.